Kumtolea Arvil Mistari

7 Septemba, Jumamosi

Leo, jukwaani Abingdon, Arvil amesahau "Funikeni Vioo". Si wimbo wa jana huo. Aliutunga akiwa na miaka ishirini na minne, wiki aliyomzika mama yake na vioo vya nyumba vimefunikwa, kama desturi yetu ya msiba, na ndio uliotutoa bonde la Caney ukatufikisha Nashville, mji wa wanamuziki. Ameuimba katika kila onyesho kwa miaka thelathini na moja. Mimi ndiye mkewe, ninayesimama kushoto kwake na kuimba sauti ya pili, kwa hiyo naujua kama njia ya kwenda jikoni kwangu.

Ubeti wa kwanza ulikwenda salama. Ulipofika wa pili, akapiga gitaa mzunguko mmoja, akapiga wa pili, akapiga wa tatu, na mdomo hakuufungua. Coy, binamu yake anayetupigia besi, akanitupia jicho. Watu wa Abingdon walidhani ni madoido. Mimi nilijua si madoido.

Nilifanya lililonijia. Kanisani kwetu hakuna vitabu vya nyimbo wala kinanda. Kiongozi anautoa mstari, anausema harakaharaka kwa sauti ya kuimba, halafu kanisa zima linaupokea na kuuvuta polepole. Baba yangu alikuwa akitoa mistari tangu sijazaliwa. Basi nikakisogelea kipaza sauti nikatoa kama yeye: "Azimeni viti kwa jirani, watu wangali njiani." Arvil akaudaka. Akauimba polepole, vizuri kuliko alivyowahi kuuimba. Nikatoa uliofuata, akaudaka na huo. Tulipomaliza watu walisimama kupiga makofi.



8 Septemba

Maharage na mkate wa mahindi. La jana hakulisema, na mimi sikuuliza.

11 Septemba

Amesema leo, tukiwa tunachambua maharage ya kukausha. Alikuwa na uzi na sindano mkononi, anatunga maganda mojamoja ili tuyaning'inize yakauke, hanitazami.

"Delphie, lile la Abingdon."

"Uchovu tu."

"Usinidanganye, mama. Daktari wa Lexington hakutudanganya."

Ni kweli hakutudanganya. Alituambia mwezi wa nne, kwa upole, na akachora ubongo kwenye karatasi kana kwamba sisi ni watoto wa shule. Alisema Arvil ni kijana bado kwa ugonjwa huo wa kupoteza kumbukumbu, hamsini na mitano, na kwamba mara nyingine kwa vijana hukimbia zaidi. Hatujamwambia mtu. Coy amejijulia mwenyewe.

"Tumebakiwa na maonyesho tisa," Arvil akasema. "Nitayafanya. Lakini sikia. Siku nikiwa juu pale na sijui niko wapi, unishushe. Usiwaache watu wanitazame. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Niahidi basi, siyo unakohoakohoa hapo."

Nikamwahidi. Akarudi kwenye uzi wake. Dakika kumi baadaye akaniuliza maharage haya tunayafanyia nini.

14 Septemba, Jumamosi

Knoxville. Nimemtolea mistari mitano katika nyimbo tatu. Vidole vyake havijasahau kitu. Ni maneno tu yanayomtoka, na ajabu ni kwamba yanamtoka aliyoyatunga mwenyewe. Ya watu wengine anayo yote.

17 Septemba

Mvua.

18 Septemba

Mvua tena. Kijito kimepanda hadi kwenye daraja letu la mbao. Arvil amekaa kibarazani anakaza nyuzi za gitaa, analiweka chini, analichukua, anakaza upya. Amekata nyuzi mbili. Nilipotoka na kahawa akaniambia, "Ni baridi hii, haishiki sauti." Gitaa lilikuwa sawasawa kabisa.

22 Septemba, Jumapili

Truett Mabry amepiga simu kutoka Nashville. Truett ndiye anayetutafutia maonyesho, na kwa miaka sita iliyopita hutupigia kama mtu anayemkumbuka shangazi yake mgonjwa. Leo alikuwa anapiga kelele.

"Dada Delphia! Kitu hiki mlikuwa mmekificha wapi siku zote?"

"Kitu gani?"

"Hiki cha wewe kutangulia na yeye kufuata! Jamaa wa gazeti la Knoxville amechanganyikiwa. Ngoja nikusomee."

Akanisomea. Mwandishi amesema Arvil Napier amerudi kwenye mizizi, amelileta kanisa la milimani jukwaani, na kwamba sauti ya mkewe "iliyokaa kivulini miaka yote" ni kama chuma cha zamani. Truett ana simu nne za watu wanaotutaka. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia ukweli. Ilikuwa wazi kabisa. Nilivuta pumzi, nikasema, "Tumelifikiria muda mrefu."

Gazeti lenyewe nimelinunua kwa Huff dukani. Jina langu limeandikwa kamili, Delphia Napier, na halijakosewa. Kwa miaka thelathini na miwili nimekuwa "na wengineo". Nimekata kipande hicho nikakiweka ndani ya boksi la kushonea, chini ya vifungo, ambako Arvil hawezi kutazama. Sijui kwa nini nakificha wakati hakuna ubaya wowote ndani yake. Najua kwa nini.

28 Septemba

Roanoke. Mistari kumi na miwili. Wamesimama mara mbili.

29 Septemba

Arvil amemwuliza Coy alipo Denver, mpiga fidla wetu, mbona hajafika. Denver tulimzika miaka minane iliyopita, na jeneza Arvil alilibeba yeye mwenyewe. Coy akasema, "Unamjua Denver, kaka, atakuwa amekwama kwa mwanamke fulani." Arvil akacheka sana. Nikamshukuru Coy kwa macho, naye akageuza uso.

5 Oktoba, Jumamosi

Asheville. Sasa natoa mistari hata asipokwama. Naandika hapa kwa sababu sitaliandika popote pengine. Katika "Treni ya Maji" alikuwa anaujua ubeti wote, nilimwona tayari ameufungua mdomo, nami nikatoa mstari kabla hajaanza. Nilitaka kuusikia ukienda. Ukumbi ule una mwangwi mzuri, na watu wote walikuwa wananitazama mimi.

12 Oktoba, Jumamosi

Ugomvi. Ulianza nyuma ya ukumbi wa Johnson City, saa tisa mchana, wakati Arvil amelala garini. Coy alikuwa anafuta besi yake, akaiegemeza ukutani taratibu. Huyo Coy ni mtu wa maneno kumi kwa wiki.

"Shemeji, tuache sasa."

"Tuache nini?"

"Usijifanye huelewi. Yule mtu anaumwa. Wale watu wanadhani ni staili. Siyo staili, ni ugonjwa, na sisi tunausindikiza na muziki."

"Anafurahi akiwa pale juu. Umewahi kumwona akifurahi nyumbani siku hizi?"

"Nani anafurahi, shemeji?"

"Unamaanisha nini?"

"Mimi nasimama nyuma yenu. Naona migongo. Wa kwake unazidi kuinama, wa kwako umenyooka kweli kweli."

Nilimwambia maneno. Nilimwambia kama kuna mtu amekula kwa mgongo wa Arvil miaka yote basi ni yeye, na kwamba besi hata mbwa anaweza kufundishwa. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema atamaliza mwezi wa kumi na moja kwa ajili ya Arvil, si kwa ajili yangu, na baada ya hapo nitafute mbwa.

13 Oktoba

Coy amesema kweli. Sitamwambia.

20 Oktoba, Jumapili

Jana Charleston. Katikati ya wimbo wa nne, nilipotoa mstari, Arvil akaacha kupiga, akanigeukia mbele ya watu wote. "Wewe mwanamke, kwa nini unaimba kabla yangu?"

Watu wakacheka. Walidhani ni utani wa mke na mume.

"Nani aliyekwambia uimbe? Huu wimbo nimeutunga mimi. Kaa kimya basi, niimbe!"

Wakazidi kucheka, wengine wanapiga miguu sakafuni. Nikafanya adabu, nikarudi nyuma hatua moja, hata nikawainamia watu kidogo ili utani ukae sawa. Arvil akaanza kuimba, akafika neno la sita, akaishiwa. Akasimama. Nikamwona anatafuta, kichwa kinageuka kidogo upande huu na upande ule, na jasho limemtoka juu ya mdomo. Sekunde ngapi sijui. Nikautoa mstari tena kwa sauti ndogo, naye akaudaka bila hata kunitazama.

Alikuwa ameniambia nimshushe siku asipojua yuko wapi. Nimejiuliza usiku kucha kama jana ilikuwa siku hiyo. Nikajijibu kwamba jana alijua yuko wapi, ila hakujua mimi nafanya nini pale. Nimelala na jibu hilo na asubuhi nimeamka nalo, na halijanipendeza hata kidogo.

23 Oktoba

Majani yamekwisha mlimani. Arvil amekata kuni vizuri, nusu siku nzima, bila kosa.

26 Oktoba

Lexington. Wanafunzi wengi. Msichana mmoja amenifuata na kalamu ili nimwandikie jina kwenye mkono, akasema anataka kujifunza kutoa mistari. Nikamwambia siyo kitu cha kujifunza na kwamba kanisani wanawake wenyewe hatutoi, ni wanaume. Nilimwambia pia kwamba walivyosikiliza kimya leo si sawa, maana mstari hutolewa upokelewe na watu wote. Akaandika vyote kwenye daftari. Nilijisikia mwalimu mkubwa.

3 Novemba, Jumapili

Leo asubuhi Arvil aliamka akiwa mzima. Siku kama hizi zipo bado, naye mwenyewe huzijua, hutembea ndani yake kwa uangalifu. Alipika mayai, akapaka rojo tamu la matofaa kwenye mkate wangu kama ninavyopenda, mpaka pembeni. Akaketi.

"Delphie, nimechoka."

"Kalale kidogo."

"Sisemi hivyo. Nataka kuacha. Mpigie Truett leo umwambie yamekwisha."

"Limebaki moja tu, Arvil. La nyumbani."

"Hilo ndilo silitaki. Wale wananijua. Huko Charleston nikiharibu, nimeharibu mbele ya wageni."

"Hutaharibu. Mimi si niko pale?"

Akanitazama kwa muda mrefu. Macho yalikuwa yake kabisa, macho yaleyale yaliyonichagua kwenye baraza la kanisa nikiwa na miaka kumi na tisa.

"Unalitaka," akasema.

"Truett ameshawapata watu wa kurekodi. Itakuwa rekodi nzima, sisi wawili. Jina langu litakuwa mbele pamoja na lako."

Alichukua sahani yangu na yake, akaziosha, akazipanga. Kisha akasema, "Haya, mama. Moja." Akatoka nje.

Nimeandika yote hayo kama yalivyosemwa, ili siku nitakapotaka kujitetea nisome hapa.

9 Novemba

Hajui leo ni siku gani. Nguo za onyesho nimezipiga pasi.

15 Novemba

Theluji nyepesi, haikushika. Coy amekuja kuangalia kamba za kufungia vyombo garini. Hakuingia ndani.

18 Novemba, Jumatatu

Truett amepiga simu mara tatu leo. Mara ya tatu nimepokea.

"Dada Delphia, nimekesha naisikiliza rekodi ya Jumamosi. Sijawahi kurekodi kitu kama kile maishani mwangu. Mle ndani watu wanalia, unawasikia wanalia! Tunaitoa hivyohivyo, hatukati hata sekunde."

"Haitoki, Truett."

"Usinitanie."

"Arvil anaumwa. Kichwa chake kinakwisha. Hakuna staili yoyote. Amesahau nyimbo zake, nami nilikuwa namkumbusha. Jumamosi hakujua yuko wapi."

Akasema kwa sauti ya chini, na nadhani alisema kwa wema, "Lakini wanaosikiliza hawatajua."

"Hayo ndiyo niliyokuwa nikijiambia tangu Septemba. Bila sahihi yangu haitoki, na sahihi yangu hupati."

Nikakata. Sasa niandike ya Jumamosi, maana nimeikwepa siku mbili.

Tuliimbia kwenye ukumbi wa mpira wa kikapu wa shule ya sekondari, saa nane mchana. Watu walijaa mpaka juu karibu na paa. Walikuja hata watu wa kanisani, ambao gitaa kwao ni la dansi tu. Walikaa safu ya mbele na makoti yao mazito, kwa sababu Arvil ni mtoto wa hapa. Nyimbo tano zilikwenda. Alikuwa mtulivu, mtulivu mno. Nilikuwa namtolea karibu kila mstari, na watu wa kurekodi walinionyesha kidole gumba kutoka pembeni.

Ukafika "Funikeni Vioo". Ubeti wa kwanza akaimba mwenyewe. Wa pili nikatoa: "Azimeni viti kwa jirani, watu wangali njiani."

Ukumbi wote ukaupokea.

Sikuwa nimelifikiria. Naapa sikuwa nimelifikiria. Miezi miwili nimetoa mistari mbele ya watu wa mijini wanaokaa kimya na kutazama, mpaka nikasahau kwamba kwetu mtu akitoa mstari, watu hawaulizi ni wa nani, wanauchukua. Aliyesahau yuko wapi siku ile nilikuwa mimi. Watu mia sita waliuvuta ule mstari polepole, wazee kwa sauti nzito, wanawake wakiupandisha mwishoni, kama tunavyofanya juu ya kaburi. Besi ya Coy ikanyamaza. Sauti ya Arvil sikuisikia tena ndani yake.

Nikamtazama. Alikuwa ameacha kupiga. Alikuwa analitazama gitaa lililoning'inia kifuani mwake kwa aibu, kama mtu aliyejikuta kanisani na viatu vya matope. Akavua mkanda haraka, akalificha nyuma ya kiti. Akavua kofia. Akawaangalia watu, wamesimama wote, wengi wanalia, akaniangalia mimi, akaangalia sakafu ya mbele akitafuta kitu. Nilijua anatafuta nini. Alikuwa anatafuta jeneza.

Hapo ndipo nilipotakiwa kumshusha. Hapo, bila kubishana tena na nafsi yangu. Lakini niliona nikinyamaza, ukumbi mzima utanyamaza, na katika ukimya huo watamwona. Basi nikatoa mstari mwingine. Huo ndio uongo wangu wa mwisho, kwamba nilifanya kwa ajili yake. "Funikeni vioo, fungueni dirisha." Wakaupokea.

Nilimwahidi kumshusha. Alishuka mwenyewe. Kwetu wimbo wa maziko ukifika katikati watu hupeana mikono, kila mtu kwa kila mtu, huku wanaimba. Arvil aliteremka zile ngazi tatu, kofia kwapani, akaanza na safu ya mbele. Watu wakampa mikono, kwa sababu ndivyo tunavyofanya. Akawapa pole mmojammoja. "Pole, ndugu. Pole, mama. Bwana anajua." Mzee Estill aliyemfundisha kusoma alitazama uso wake kwa karibu, akaelewa, na akamshika kichwa kwa mikono miwili. Wa pembeni yake akaelewa, aliyefuata naye akaelewa, na nikauona ufahamu ule ukipanda viti vyote mpaka juu, huku wanaendelea kuimba. Hakuna aliyeacha kuimba. Nami nikaendelea kutoa mistari mpaka ikaniishia, nikarudia ya kwanza.

Alipomaliza safu tatu za watu akarudi akapanda ngazi. Akaja kwangu. Alisimama mbele yangu, amenyooka, na uso wenye adabu ambayo mtu huwapa wafiwa asiowajua vizuri. Akanipa mkono. Nikaupokea.

"Pole sana, dada," akasema. "Sikuwahi kumjua marehemu. Wewe ulikuwa unamjua?"

Nikamwambia nilimjua miaka thelathini na miwili.

"Alikuwa mwimbaji?"

"Alikuwa mwimbaji."

Akatikisa kichwa kwa huzuni, akaufinya mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaniachia, akaenda kumpa pole Coy.